Pesa ya Mashua Ilipwe Ufuoni: Kuongoza Familia Zenye Watoto Kutoka Muhoroni

Shule zikifungwa Aprili, Agosti na Novemba, wazazi huanza kutafuta pa kupeleka watoto. Wengine wako Nairobi na wanakuja nyumbani kuona nyanya na babu. Wengine wako papa hapa Muhoroni, Chemelil au Awasi, na watoto wao hawajawahi kupanda mashua ingawa ziwa liko karibu saa moja na kitu kwa gari. Hapo ndipo kijana anayejua njia, anayejua hadithi na anayependa watoto anaweza kupata riziki yake kama mwongoza wageni.

Makala haya ni yako wewe unayefanya kazi hiyo au unayefikiria kuianza. Tutaongea kuhusu njia, watoto na ziwa. Lakini sisi ni watu wa malipo ya simu, kwa hivyo tutaongea zaidi kuhusu jambo ambalo wengi hawalioni mapema: namna unavyopanga kulipwa inaweza kumweka mtoto salama au kumweka hatarini. Ndiyo, pesa tu. Twende polepole, utaona.

Muhoroni iko na nini cha kuonyesha?

Watu wengi wakisikia Muhoroni wanafikiria miwa tu, na si uongo. Ukanda huu wa sukari ni wa zamani. Kiwanda cha Miwani, kilicho kwenye njia ya kwenda Kisumu, kilianzishwa mwaka wa 1922 na ndicho kiwanda cha kwanza cha sukari nchini Kenya. Mtoto wa mjini ambaye anajua sukari kama kitu cha pakiti atashangaa kuona shamba lake, trela lililojaa miwa na moshi wa kiwanda. Huhitaji maneno mengi. Mwambie mmea huo unakaa shambani karibu miezi 18 kabla ya kukatwa, halafu umuulize yeye alikuwa darasa gani miezi 18 iliyopita.

Kuna reli pia. Reli ya kutoka Mombasa ilifika ziwani Desemba 1901, na kabla ya kufika ilipitia Fort Ternan, Koru, Muhoroni na Kibos. Mwisho wa reli uliitwa Port Florence, kwa jina la Florence Preston, mke wa mmoja wa wasimamizi wa ujenzi. Leo tunapaita Kisumu.

Halafu kuna hadithi ambayo watoto hawaisahau. Koru, jirani kabisa na Muhoroni, ndiko mabaki ya nyani wa kale sana yalipatikana kwenye machimbo ya chokaa mwaka wa 1926. Mnyama huyo aliishi karibu miaka milioni 20 iliyopita. Mwaka wa 1933 mtaalamu Arthur Tindell Hopwood alimpa jina Proconsul, akimtania sokwe maarufu wa maonyesho wa enzi hizo aliyeitwa Consul. Yaani jina la kisayansi linalosomwa dunia nzima lilianza kama mzaha kuhusu sokwe wa kuchekesha watu! Simulia hadithi hii mkiwa garini. Machimbo ni mahali pa kazi, si pa kuchezea, na mabaki ya kale yanalindwa na sheria, kwa hivyo hakuna mtoto wa kubeba jiwe nyumbani.

Mtoto haongozwi kama mtu mzima

Mtalii mzima anaweza kusimama dakika 40 akikusikiliza. Mtoto wa miaka 5 atakupa dakika 10 kisha ataanza kuuliza choo kiko wapi. Siku ya familia basi hupangwa kuanzia tumbo, choo, jua na usingizi. Vivutio vinakuja baadaye.

Kama ziwa liko kwenye mpango, lianze. Asubuhi maji ya Ghuba ya Winam huwa yametulia. Kadiri jua linavyopanda, upepo huanza kuvuma kutoka ziwani kuelekea nchi kavu, na alasiri mara nyingi huleta mawimbi na mvua ya radi. Wavuvi wa Dunga wanajua hivyo tangu utotoni. Kwa hivyo ondokeni Muhoroni alfajiri, mpitie Chemelil, Miwani na Mamboleo, na mfike Dunga kabla ya saa tatu. Watoto wataona mafunjo yaliyo marefu kuliko baba yao, ndege wanaoishi kwenye mafunjo tu, na wavuvi wakitoa samaki. Wafundishe maneno mawili matatu ya Kijaluo: nam ni ziwa, rech ni samaki, rao ni kiboko. Watayarudia njia nzima.

Jua likiwa kali, nendeni penye kivuli. Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka wa 1980, yana boma kamili la Kijaluo, Ber-gi-dala, ambapo mtoto anaweza kuingia na kuelewa kwa nini nyumba ya mke wa kwanza iko pale ilipo. Nyoka na samaki wa makumbusho hiyo nao hawahitaji kutangazwa. Baada ya chakula, Hifadhi ya Impala ya KWS iko karibu na ziwa na ni ndogo, haifiki hata nusu kilomita mraba, kwa hivyo miguu midogo inaimudu. Angalizo moja tu: nyani wadogo wa pale hawaogopi mtu. Mtoto mwenye ndizi mkononi atabaki bila ndizi.

Mahali pawili au patatu panatosha. Ukiahidi pia Kit Mikayi, ile miamba mikubwa iliyopangana kwenye barabara ya Bondo, utakuwa unaendesha gari siku nzima huku watoto wamelala. Iache Kit Mikayi iwe sababu ya kukuita tena.

Mahali pesa inapoingilia uamuzi

Sasa tufikirie hali hii. Mmefika Dunga saa nne na nusu badala ya saa tatu, kwa sababu mtoto mmoja alitapika njiani na mkasimama mara mbili. Upepo umeanza. Jaketi za kuokoa maisha zipo, lakini ya mtoto wa miaka 4 ni ya mtu mzima, inapanda hadi masikioni. Mwenye mashua anasema, "Hakuna shida, tunazunguka tu hapa karibu." Mama anakuangalia wewe. Watoto wanaruka ruka.

Jibu sahihi unalijua. Leo hatuingii majini.

Lakini kama hujalipwa hata shilingi, na mlikubaliana kwamba utalipwa ziara ikiisha "kama ilivyopangwa", jibu hilo linakugharimu. Unaogopa mzazi atasema hakupata alichoahidiwa. Ulikopa pesa ya petroli. Pengine kuna kamisheni kidogo unayopata kwa kila familia unayomletea mwenye mashua, nayo itapotea. Hakuna mtu mbaya katika hadithi hii. Ni mpango wa malipo tu unaokusukuma usogeze mstari kidogo, na ziwa halijui "kidogo".

Ndiyo maana tunasema hivi: malipo yako wewe yasitegemee mashua kuondoka. Panga pesa mapema kwa namna ambayo ukisema hapana, wewe hupotezi kitu na familia haipotezi kitu. Ukishafanya hivyo, utaamua kwa macho yako, bila mfuko kukusukuma.

Hesabu ya mfano

Namba hizi ni za mfano tu, bei zako unazijua mwenyewe. Tuseme ni familia ya watu 5: wazazi 2 na watoto 3.

- Gari na petroli: Sh5,000
- Chakula cha mchana: Sh1,500
- Kazi yako ya siku: Sh3,500
- Mashua: Sh2,000
- Jumla: Sh12,000

Wengi wetu tungeomba nusu mwanzo na nusu mwisho. Inaonekana sawa, lakini hiyo nusu ya mwisho imebeba kazi yako yote pamoja na mashua. Jaribu kugawa hivi:

1. Sh3,000 ya kushika siku. Inalipwa mnapokubaliana, kwenye till ya biashara yako.
2. Sh7,000 jioni ya kuamkia safari. Sasa una Sh10,000 mkononi. Gari, chakula na kazi yako vyote vimelipiwa kabla jogoo hajawika.
3. Sh2,000 ya mashua. Hii hupokei wewe. Familia inamlipa mwenye mashua moja kwa moja, ufuoni, baada ya wewe kuangalia maji na kila mtoto kuvaa jaketi linalomtosha.

Mashua isipoondoka, hakuna pesa ya kurudisha wala ya kugombania. Hizo Sh2,000 hazijawahi kutoka kwenye simu ya mzazi. Siku inakuwa ya Sh10,000 badala ya Sh12,000 na kila mtu anajua kwa nini. Na kama ulikuwa unategemea kamisheni ya mashua, iache. Ongeza kiasi hicho kwenye malipo yako ya siku, waziwazi.

Mpango huu una faida nyingine. Mwenye gari na mama wa hoteli wanalipwa siku hiyo hiyo. Watu wa Muhoroni wanajua uchungu wa kungoja pesa ya miwa. Mtu ambaye hajawahi kukungoja kwa malipo atakupa gari lake zuri wikendi ya Agosti, wakati kila mtu analitaka.

Viingilio je? Usiviweke kwenye bei yako. Ada za hifadhi za KWS hulipwa kupitia eCitizen, na mzazi anaweza kulipa mwenyewe usiku uliotangulia na kubaki na risiti yake. Msaidie kwa kumwonyesha hatua, lakini usilipe wewe halafu umdai. Madeni madogo madogo ndiyo huharibu urafiki.

Meseji moja inayookoa siku

Mkikubaliana kwa simu, andika yote kwenye meseji au WhatsApp kabla ya pesa kutumwa. Isiwe ndefu kama hotuba. Mfano:

*"Habari ya jioni, madam. Asante kwa kutuamini na watoto. Jumamosi tunaondoka Muhoroni saa kumi na mbili asubuhi, tunarudi saa kumi jioni. Wakubwa 2, watoto 3 (miaka 4, 7 na 11). Kushika siku ni Sh3,000. Ijumaa kabla ya saa kumi na mbili jioni, Sh7,000. Mashua ni Sh2,000, mtamlipa mwenyewe ufuoni, na ni kama tu ziwa limetulia na jaketi za watoto zinatosha. Tusipoingia majini, hamlipi. Mtoto akiugua, niambieni kabla ya Alhamisi jioni, tutahamisha siku bila gharama au nitarudisha Sh3,000 yote. Viingilio ni nje ya bei hii. Tafadhali niambie kama kuna mtoto mwenye pumu, anayedhurika na chakula fulani au anayetapika safarini."*

Ona yaliyomo. Mzazi anajua kwamba ziwa linaweza kukataa, na amejua hivyo siku tatu mapema, si mbele ya watoto wanaolia. Anajua mtoto akipata homa usiku pesa yake haijapotea, kwa hivyo hatakuletea mtoto mgonjwa kwa sababu ya kuokoa Sh3,000. Umempa haki yake na umelinda yako.

Simu siku yenyewe

Mambo machache ya kuzoea:

- Tenga pesa ya kazi na pesa ya nyumbani. Tumia till au laini ya biashara. Pesa ya petroli ya Jumamosi ikikaa pamoja na pesa ya unga, utaamka Jumamosi imeshakuwa unga.
- Usiamini meseji, amini salio. Mtu akikuonyesha ujumbe kwamba ametuma, angalia salio lako mwenyewe au orodha ya malipo. Ujumbe wa uongo hutengenezwa kwa dakika moja.
- Angalia jina kabla ya kubonyeza. Mzazi anapomlipa mwenye mashua, asome jina linalotokea na mwenye mashua alithibitishe kwa mdomo. Pesa ikienda kwa namba isiyo sahihi, omba irudishwe mara moja kabla haijatolewa.
- PIN ni yako peke yako. Hata mtoto akikuomba simu kucheza gemu, funga kwanza programu ya malipo.
- Beba noti kidogo. Mtandao unaweza kusumbua na betri inaweza kuisha. Mia mbili tatu za noti zinatosha kununulia watoto miwa au mahindi ya kuchoma bila kumsumbua mtu.
- Chaji usiku, na beba pawabenki. Simu yako siku hiyo ni benki, ni kamera na ndiyo namba ya dharura.

Na mengine yasiyo ya simu: hesabu watoto kila mnaposhuka na kila mnapopanda. Usiwaache waingie majini hata hadi kwenye vifundo vya miguu, kwa sababu kichocho kipo ziwani. Kaa mbali na viboko, hata wale wanaoonekana wamelala. Magugumaji nayo husukumwa na upepo na yanaweza kufunga njia ya mashua ghafla, kwa hivyo muulize mwenye mashua hali ya asubuhi hiyo, si ya wiki jana.

Kama wewe ndiye mzazi

Wasomaji wetu wengi ni wazazi, kwa hivyo hii ni yenu. Mtu unayempa watoto wako siku nzima aulizwe maswali, na mtu mzuri hatakasirika. Kwanza, uliza kibali. Waongoza watalii nchini husajiliwa na Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, TRA, iliyoanzishwa chini ya Sheria ya Utalii ya 2011. Pili, linganisha jina la biashara kwenye meseji na jina linalotokea unapolipa. Yakitofautiana, simama na uulize. Tatu, uliza swali hili moja: "Tukifika na ziwa lina upepo, tunafanya nini, na pesa ya mashua inakuwaje?" Jibu lake litakuambia mengi kuliko picha mia moja za Facebook.

Na tafadhali, ukiambiwa "leo hapana", usibishane. Mlipe kazi yake kwa moyo mweupe. Hapana hiyo ndiyo huduma bora zaidi aliyokupa siku hiyo. Mahali pengine pa kwenda papo: makumbusho hayana mawimbi.

Picha za watoto

Kwa mtu wa masoko kama mimi, picha ya mtoto anayecheka kwenye mashua ni dhahabu. Inauza kuliko bango lolote. Lakini mtoto si bango. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ruhusa ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na picha yake ni taarifa. Omba ruhusa kwa maandishi, sema utaiweka wapi, na usiandike jina la mtoto wala shule yake. Mzazi akikataa, piga picha ya mafunjo, ya mashua au ya miguu midogo yenye matope. Bado itauza.

Kabla shule hazijafungwa

Kazi hii haihitaji mtaji mkubwa. Inahitaji kibali, gari unaloliamini, mwenye mashua aliye na jaketi za saizi ya watoto, na hadithi mbili tatu zinazotoka papa hapa kwetu. Wiki hii fanya mambo matatu. Fungua till ya biashara yako kama huna. Andika ile meseji moja na uihifadhi kwenye simu, ili kila familia ipate maneno yale yale. Kisha nenda Dunga bila wageni, ukae na mwenye mashua mnywe chai, na mkubaliane kabisa kwamba pesa yake italipwa ufuoni na kwamba neno la mwisho kuhusu watoto ni lako.

Akikataa masharti hayo, tafuta mwingine. Mashua ni nyingi.